Mwanga wa Ukuta wa Nyuma

Mwaka ule mitihani iliisha mapema, na mimi nikaapa kwamba sitashinda nyumbani, mtaani kwetu Nyakabiga, nikichambua maharage na kusikiliza majirani wakigombania kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nasoma lugha chuo kikuu, sina mpenzi, sina kazi. Nilichokuwa nacho ni kamera, tena ya kuazima.

Mwenye kamera alikuwa mzee mpiga picha za harusi, Mwislamu mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, mwenye ndevu nyeupe na ulimi wa pilipili. Harusi zake zilikuwa za mwisho wa wiki. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi kamera ililala kabatini imefungwa kwenye taulo, na jambo hilo lilimuuma kama vile ni mtoto aliyekosa shule.

"Chukua," aliniambia. "Lakini Alhamisi jioni irudi hapa. Na nikikuta muchanga ndani, siku utaolewa utapigwa foto na simu."

Basi kiangazi kile nilikifaidi. Mafuta ya gari yalikuwa yameadimika mjini, mabasi yakawa ya kugombania, kwa hiyo nilitembea kwa miguu, au nilipanda nyuma ya baiskeli ya abiria nikiwa nimeikumbatia kamera tumboni. Niliwapiga picha mafundi wa Buyenzi wakiwa wamelala chali chini ya magari yasiyo na mafuta. Nilipiga wanawake wa Nyakabiga wakisukana vibarazani. Siku moja nilifika Kinindo, upande wa ziwani, nikapiga geti la jumba moja lililosimama peke yake ndani ya maji, ukuta umekwenda, na kwenye nguzo bado kibao cha Kifaransa kinaonya kwamba kuna mbwa mkali. Mbwa hakuwepo. Hakukuwa na mtu. Maji tu yalikuwa yanaingia na kutoka getini bila kubisha hodi.

Nilikuwa na furaha. Naliandika hili waziwazi kwa sababu linanikera hadi leo: sijawahi kufurahi maishani kama nilivyofurahi wiki zile.

Niseme kidogo habari za ziwa. Mwaka ule Tanganyika ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mvua za masika zilipozidi, maji yaliingia kwenye nyumba za Kajaga, yakakaa humo wiki nyingi kama mgeni asiyejua kuaga. Juni ilipofika yakaanza kushuka. Kila mtu alisema hivyo hivyo, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya basi: kiangazi kimeingia, ziwa linarudi kwake. Na ilikuwa kweli, lilikuwa linarudi.

Huko Kajaga ndiko alikokuwa akiishi mama mkubwa, dada wa mama yangu. Alikuwa mjane. Yeye na marehemu mumewe walitoka Uvira, upande wa Kongo, wakati wa vita, wakarudi, wakakimbia tena, na mara ya tatu mumewe akasema basi, sirudi tena. Akanunua kiwanja karibu na maji, akajenga kwa mikono yake nyumba ya matofali mabichi, akaipaka saruji nje, na upande wa mbele akaupaka rangi ya buluu. Mama mkubwa alianika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwa lile, pale, akamzika mumewe, akabaki. Watu walipomwambia ahame, jibu lake lilikuwa moja: "Mi nilikimbia masasi ya vita mara tatu. Sitakimbia maji."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye mimi namwita dada. Dada yuko Kanada, anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe: duniani kote, mtu pekee ambaye mama mkubwa alimsikiliza alikuwa huyo dada. Si mama yangu, si mchungaji, si mkuu wa mtaa aliyepita akiandika majina ya waliozingirwa na maji. Dada angekuja angemwambia "mama, simama tuende," na mama mkubwa angenuna, angetukana kidogo, halafu angefunga kanga na kwenda.

Dada alinipigia simu wiki ile ile nilipopata kamera.

"We ndo uko na mashini ya foto, nasikia," alisema. "Nisikilize muzuri. Mama ananiambia iko sawa. Mama yako ananiambia iko sawa. Hawa bamama, hata nyumba ikiwa inaungua watasema iko sawa. We nitumie foto. Kama iko mubaya, naomba konje, ruhusa ya ku kazi, nakuya, namutosha inje ya ile nyumba na nguvu. Kama iko muzuri, nitakuya Noeli. Umeelewa?"

"Nimeelewa, dada."

Nilikuwa nimeelewa kabisa. Sina pa kujificha hapo.

Mama yangu, aliyekuwa amekaa karibu akisikiliza kila neno, alingoja nikate simu. "Utamupiga muzuri," alisema. "Ameisha kuteseka, ule mutoto. Mutu iko mbali haumutumie shida. Atafanya nayo nini kule?"

Kwetu hiyo ni sheria, ingawa haikuandikwa popote. Aliye ng'ambo hatumiwi picha ya shida. Ukiugua, unapigwa picha ukishapona. Paa likivuja, unasimama mbele ya ukuta wa jirani. Nina picha yangu ya utotoni iliyopigwa siku ambayo hatukuwa tumekula chochote, na nimeshika soda, soda ya dukani ambayo mwenye duka alituazima kwa ajili ya picha akairudisha kwenye friji. Nao walioko huko wanatulipa vivyo hivyo: wanatutumia picha wameegemea magari ya watu. Hivyo ndivyo tunavyotunzana, na aliyezoea haoni uongo wowote ndani yake.

Jumatatu nilikwenda Kajaga. Nilishuka barabara ya Gatumba nikaingia kwa miguu kuelekea ziwani. Njia ile nilikuwa naijua tangu nikiwa mtoto, watoto wakipiga kelele, redio tatu zikishindana. Siku ile nilisikia vyura tu. Nyumba saba za mstari ule zilikuwa tupu, nyingine hazina milango wala mabati, wenyewe wamebeba walichoweza. Moja ilikuwa imebaki kuta tatu na mwiko wa ugali umening'inia kwenye msumari. Iliyokuwa na mtu ni ya mama mkubwa, na mbele kidogo, kwenye mwinuko, ya jirani yake mmoja, mama wa makamo anayefuma mikeka.

Alikuwa amenisubiri amevaa. Kitenge kipya, kilemba, hereni za Pasaka. Alikuwa ameweka kiti mbele ya ukuta wa buluu, na pembeni amepanga makopo ya mafuta yaliyopandwa maua.

"Piga huku mbele," aliniamuru. "Nyuma si ya kuonyesha watu."

Nilipiga. Ardhi ya mbele ilikuwa imekauka kweli, imefagiwa. Alitoka vizuri sana. Ana uso ambao kamera inaupenda, mifupa ya mashavu iliyosimama na macho yanayokuchokoza. Nilimtumia dada picha nne jioni ile ile. Alijibu kabla sijaweka simu chini: "Asante Mungu. Naona kumekauka. Mama amependeza!"

Nilizunguka nyuma pia, kwa hamu yangu tu. Mstari wa maji ulikuwa umebaki ukutani, usawa wa kiuno changu, wa kijani kwa chini. Saruji ilikuwa imebambuka, na matofali yaliyokuwa ndani yalikuwa meusi na laini. Nilibonyeza kwa kidole kikaingia. Kwenye matope kulikuwa na nyayo za kiboko, kubwa, zimejaa maji, zimekuja hadi ukutani na kugeuka. Nilianza kuzipiga picha.

"Unapiga nini?"

Alikuwa mwanaume mwenye shati la kawaida na viatu vizuri mno kwa matope yale. Sikumwona alikotokea. Alinyoosha mkono, si kwa hasira, nami nikampa kamera. Alizitazama picha moja moja. Aliniuliza nasoma wapi, naishi wapi, nani amenituma. Halafu akanirudishia.

"Ziwa halipigwe foto," alisema. "Futa. Piga mama yako ndani ya nyumba."

Nilifuta mbele yake, moja moja. Akaondoka kwa miguu kufuata njia, hana haraka. Sikujua ni mtu wa wapi na sikuuliza. Kwetu mtu wa namna hiyo haulizwi.

Nikaingia ndani, kwa sababu ya hofu tu, na hivyo ndivyo nilivyouona mwanga.

Chumba cha kulala cha mama mkubwa kilikuwa nyuma. Ukuta wake ulitazama magharibi, kwenye milima ya Kongo, na saa tisa alasiri jua linateremka upande ule. Kulikuwa na ufa. (Methali ya ufa na ukuta naijua. Msinisomee.) Ulianzia karibu na dari ukashuka kwa kupindapinda hadi nyuma ya kitanda, na kupitia humo jua lilikuwa limeingia, mstari mwembamba kama uzi, ukakata chumba chote cha giza, ukapita juu ya shuka jeupe, ukapanda mlangoni. Vumbi lilielea ndani yake polepole. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilisahau yule mtu, nilisahau viboko, nikapiga magoti sakafuni.

Nilizoea kudhani kwamba picha zangu nzuri zilikuwa bahati. Ile haikuwa bahati, na nilijua hivyo.

Toka siku ile nilirudi kila wiki. Nilikuwa nazunguka kwingine pia, milimani kwenye baridi na mashamba ya chai, masoko, fukwe zilizobaki, lakini safari zote nilizipanga ili Jumatatu au Jumanne saa tisa niwe Kajaga. Mama yangu alisema nimekuwa mtoto mwema, namtembelea mama mkubwa kuliko hata watoto wa kanisa. Nami nilipokea sifa hizo bila haya. Mama mkubwa alifurahi. Alinipikia bugali na mboga ya lengalenga, akanisimulia mambo ya Uvira, akanicheka nilivyolala chini kupiga picha kwenye sakafu. Nilimpenda. Hilo pia ni kweli.

Katikati ya Julai uzi ulikuwa umekuwa kidole. Mwanga ulizidi, ukawa na kingo, ukawa unaweza kuona rangi ya shuka ndani yake. Nilifurahi. Asubuhi, mama mkubwa alisema, akiamka anakuta mchanga mwekundu kwenye mto na kwenye nywele. Alikuwa ameweka ufagio kando ya kitanda. "Hii nyumba inatapika," alisema, akafagia, na alipomaliza mwingine ukawa umeshaanguka. Nilipokaa kimya nikisubiri jua nilisikia ukuta wenyewe. Ulikuwa unatoa sauti ndogo, tik, kisha kimya kirefu, kisha tik. Maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua hamsini au zaidi. Lakini nikiwa nimelala sakafuni nilihisi ubaridi ukipanda kutoka chini, kama kuna shimo.

Picha moja nilimwonyesha mzee mwenye kamera, nikitegemea sifa. Ilikuwa Alhamisi, dukani kwake. Aliishika kamera mbali na uso kama wanavyofanya wazee, akatazama muda mrefu.

"Foto ni nzuri," alisema. "Nani analala ku hiki kitanda?"

"Mama mukubwa."

"Analala hapa? Sasa hivi?"

Nilikasirika. Nilimletea mwanga, yeye anauliza habari za kitanda. Nikasema maji yamerudi, hakuna shida. Akafunga kamera kwenye taulo lake. "Inna lillahi," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepita karibu na jeneza, na mimi nikatoka nikimwita moyoni mzee mwenye gundu.

Jumapili ile dada alipiga simu ya video. Tulikuwa sebuleni, mama yangu amesimama nyuma ya simu, dada hamwoni, mimi namwona. Dada alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, bado na sare yake ya kazini.

"Niambie ukweli," alisema. "Wameongea huku ku redio juu ya ile ziwa. Nyumba iko namna gani?"

"Maji yamerudi, dada. Mbele kumekauka kabisa, si umeona?"

"Nimeona mbele. Na nyuma?"

Mama yangu alipandisha nyusi na kutikisa kichwa kidogo, hapana. Ningeweza kusingizia nyusi zile, na kwa muda mrefu nilizisingizia. Mama alikuwa hajafika Kajaga tangu masika. Hakujua chochote kuhusu ule ufa. Niliyejua ni mimi. Nilijua pia kwamba nikisema neno moja dada ataomba ruhusa, atapanda ndege, atamtoa mama mkubwa, kitanda kitabebwa, mlango utang'olewa kama wa majirani, na chumba changu kitakwisha. Ndiyo, nilikiita chumba changu. Hili sijawahi kumwambia mtu.

"Nyuma pia kumekauka," nilisema.

Dada alifumba macho, akavuta pumzi. "Basi Noeli," alisema. "Asante, mudogo wangu. We ndo macho yangu kule."

Agosti ikaja na upepo. Ulikuwa unavuma mchana kutoka ziwani, unasukuma mawimbi, unarusha vumbi hadi mjini tukala mchanga kwenye wali. Kule Kajaga upepo ulilia kwenye zile nyumba tupu, kila moja na sauti yake kutegemea ni milango mingapi imeng'olewa. Jumatatu moja nilipofika nilimkuta mama mkubwa anasonga ugali sebuleni, na kitanda nacho kiko humo humo, kimebanwa kati ya meza na ukuta wa buluu.

"Nimehama," alisema akicheka. "Jirani alinisaidia jana. Kule nyuma ni muchanga tu, hata ku mudomo. Nimemwambia binti yangu ku simu, akafurahi. Sasa nalala huku mbele kama mulinzi."

Nilikwenda chumbani. Ufa ulikuwa umefika upana wa kiganja kwa juu. Saa tisa na nusu jua likaingia, na halikuwa tena mstari. Lilikuwa pazia zima la mwanga, limesimama kutoka ukutani hadi mlangoni, la dhahabu, linatikisika kwa vumbi. Na lilikuwa linaangukia sakafu tupu. Alama nne za miguu ya kitanda na saruji basi. Niliumia, naapa, niliumia kama mtu aliyefika harusini bibi harusi hayupo.

"Mama mukubwa," nilimwita. "Tukirudishe kitanda kidogo."

"Apana! Nimeteseka nacho jana, mugongo unaniuma."

"Dakika kumi tu. Nikupige foto moja, umekaa hapa. Ni foto ya mwisho, sitakusumbua tena."

"We mutoto na mashini yako," alisema. Lakini alikuwa ameshaanza kufunga kitenge vizuri. Alipenda kupigwa picha, na alinipenda mimi.

Tulikivuta. Kilikuwa kitanda cha mbao cha mumewe, kizito kama ng'ombe aliyegoma. Tulikikwamua mlangoni kwa kukilaza ubavu, tukacheka, tukapumzika, tukavuta tena. Tulikiweka juu ya zile alama nne. Akatandika shuka jeupe. Akakaa kwenye ukingo, mikono mapajani, mwanga ukampita begani na kugawa uso wake mara mbili. Nilipiga nyingi. Halafu nikamwambia alale, afumbe macho kama mtu anayepumzika, naye akalala. Kwenye picha ile mchanga unaonekana ukishuka ndani ya mwanga, chembe chembe, juu ya shavu lake. Hakuukung'uta, kwa sababu nilimwambia asitikisike.

Jua lilipoteremka nyuma ya milima niliona nimechelewa. Ukikosa basi la mwisho la barabara ya Gatumba utalala huko. Nilishika kitanda upande mmoja, nikavuta, hakikusogea. Mikono yangu ilikuwa imelegea kabisa na yeye alikuwa anashika mgongo.

"Kesho nakuja tukirudishe mbele," nilisema.

"Enda, usikose basi. Mi nalala tu humu. Muchanga haujaanza kuniogopesha leo."

Nilimbusu nikakimbia.

Kesho yake asubuhi, Jumanne, rafiki zangu wa chuo walinipigia. Mmoja kaka yake amepata mafuta, tangi zima, jambo ambalo mwaka ule lilikuwa kama kushinda bahati nasibu. Jumatano tunakwenda Rumonge, nafasi moja imebaki, njoo na kamera. Nilikuwa nimeshavaa viatu vya kwenda Kajaga. Nilivivua. Nilijiambia basi ni taabu, nilale nijiandae, Alhamisi asubuhi nitapita kwa mama mkubwa kabla ya kurudisha kamera. Sikumpigia simu kumwambia. Ningempigia ningesikia sauti yake, na pengine ningevaa viatu tena.

Rumonge nilipiga michikichi, wanawake wanaokamua mawese, mafuta mekundu kwenye mapipa. Ziwa lilikuwa upande wetu wa kulia njia nzima, buluu, limetulia karibu na nchi kavu na jeupe kwa mbali ambako upepo ulikuwa umelikamata. Tuliimba ndani ya gari. Tulikula samaki mukeke wa kuchoma kwa mikono. Saa tisa na kitu simu ikaita, na mama yangu hakusema haloo.

Upepo ulikuwa umeanza saa nane, kutoka ziwani. Mama mkubwa alikuwa ametoka kuuza ndagala, amekula, ameingia chumbani kupumzika kama kawaida yake. Ukuta wa nyuma ulianguka kwa ndani, wote kwa pamoja. Jirani mfumaji alisema alisikia kishindo, akadhani ni kiboko. Yeye na wapita njia walichimba kwa mikono na kwa masufuria. Chumba cha mbele hakikuguswa. Meza ilikuwa imesimama, thermosi ya chai juu yake bado ina moto, na maua mbele ya ukuta wa buluu hayakupukutika hata jani.

Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka kamera ilikuwa mapajani na nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili ili isigonge mahali.

Dada alifika siku ya tano, na tukazika siku ya sita. Matanga yalikuwa kwetu, Nyakabiga, hema limezuia njia, viti vya kukodi, chai kwenye ndoo. Dada hakulia alipofika. Alikaa mkekani katikati ya mama yangu na jirani mfumaji, amevaa sweta la huko alikotoka kwenye joto lile lote, akawapokea watu mmoja mmoja. Watu walimsimulia mama yake: alivyoambiwa ahame na mchungaji akamjibu vile, alivyomfukuza mkuu wa mtaa na ufagio. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema mzee mmoja wa kanisani, na vichwa vikaitikia mkeka mzima. Mimi nilikuwa napitisha vikombe.

Watu walipopungua, dada alimgeukia jirani.

"Kuna kitu kinanisumbua," alisema. "Jumapili mama aliniambia ku simu ameisha kuhamisha kitanda. Eti analala mbele. Ni kweli?"

"Ni kweli," alisema jirani. "Mi mwenyewe nilimusaidia."

"Sasa kilirudi nyuma namna gani? Nani alikirudisha?"

"Mi sijui," alisema jirani. Hakujua kweli. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao na sinia mkononi, nikafungua mdomo, na nadhani ningesema, kwa kweli nadhani ningesema. Lakini mama yangu aliwahi. Alimshika dada goti.

"Atakuwa yeye mwenyewe," alisema. "Unamujua mama yako. Usiku mmoja tu mbele, akakumbuka kwake. Alikivuta peke yake, na ule mugongo wake! Alikuwa mubishi, ule mwanamuke. Mubishi mupaka mwisho."

Dada alimtazama, midomo ikamchezacheza, na ghafla akaanza kucheka, huku machozi yanamtoka kwa mara ya kwanza tangu afike. Jirani akacheka. Mama yangu akacheka akijifuta kwa kanga. Wanawake wa mkeka wa pili wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka nao, mubishi, kweli alikuwa mubishi, Mungu amulaze pema.

Na mimi nikacheka pamoja nao. Kisha nikaenda kuongeza chai.